Nani Alimfundisha Ndege Kuimba?

Mwaka 1765, mwanasheria wa London aitwaye Daines Barrington alienda kumpima mtoto aliyekuwa gumzo la mji. Mtoto mwenyewe alikuwa Mozart, amekuja ziara na babake, na kuna watu hawakuamini: kweli mtoto mdogo hivi anapiga muziki namna hii, ama mzee anadanganya umri wa kijana wake? Barrington akamwekea mbele karatasi za muziki ambao kijana hakuwa ameuona. Mozart akaupiga palepale. Barrington akaandika ripoti, akaipeleka kwa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi wa Uingereza.

Miaka minane baada ya mtihani huo, mwaka 1773, jamaa huyu huyu alikuwa na ripoti nyingine kwa jumuiya ile ile. Safari hii alikuwa amepima ndege. Ukiangalia vizuri utaona swali halikuwa limebadilika sana: kipaji hutoka wapi? Mtu huzaliwa nacho, ama hufunzwa?

Kwa watu wengi wa enzi hizo, jibu kuhusu ndege lilikuwa wazi. Ndege huimba kama vile moto huchoma. Kila aina imepewa wimbo wake, basi, mambo kwisha. Barrington hakuridhika. Alichukua makinda ya chiriku kutoka kiotani, wangali wadogo kabisa, akawalea karibu na ndege wa aina nyingine waliosifika kwa kuimba. Walipokomaa, hawakuimba kichiriku. Kila mmoja aliimba wimbo wa mwalimu wake. Na mwalimu mmoja alikuwa wa kutoka huku kwetu: ndege mdogo wa Angola aliyeitwa vengolina, aliyefikishwa Uingereza na kufungiwa kizimbani. Chiriku Mwingereza aliyefunzwa naye alimwiga bila kuchanganya hata kipande kimoja cha wimbo wa kwao.

Hebu kaa na picha hiyo kidogo. Hii ni karne ambayo meli za Uingereza zilikuwa zikibeba Waafrika kuwapeleka utumwani, na wasomi wa Ulaya wakiandika kwamba Mwafrika hana la kumfundisha mtu. Na palepale London, ndege wa Afrika alikuwa mwalimu wa sauti, na mwanafunzi wake alikuwa amefaulu.

Barrington alijifunza mengi kutoka kwa wategaji na wauzaji ndege, watu ambao hakuna aliyewaita wanasayansi. Ndio waliokuwa na neno la kile kelele cha ndege mchanga anayejaribujaribu kuimba kabla sauti haijakaa sawa. Walisema anarekodi. Ndiyo, neno lile lile tunalotumia tukiingia studio, na hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Edison kuunda mashine ya kuhifadhi sauti. Barrington alifananisha mazoezi hayo na mtoto anayebwabwaja kabla ya kusema. Mwaka 1871 Charles Darwin aliichukua hoja hiyo katika kitabu chake kuhusu asili ya binadamu, akaongeza kwamba tofauti za nyimbo za ndege kutoka sehemu moja hadi nyingine ni kama lahaja za watu.

Wazo lilikuwapo, basi. Kilichokosekana ni ushahidi wa kushikika. Wimbo wa ndege unapita haraka kuliko sikio letu. Mmoja akisema nimesikia tofauti, mwingine anasema wewe umesikia vibaya, nani atawaamua?

Mwamuzi alitoka katika maabara za Bell huko Marekani, miaka ya 1940: mashine inayogeuza sauti kuwa picha kwenye karatasi. Muda unasoma kutoka kushoto kwenda kulia, wembamba na uzito wa sauti unasoma juu na chini. Iliitwa spektrografu. Haikuundwa kwa ajili ya ndege, lakini William Thorpe wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliona mara moja kwamba hii ndiyo dawa. Sasa nyimbo mbili zingewekwa mezani kama saini mbili za benki na kulinganishwa.

Thorpe alilea makinda ya chiriku wa Ulaya mbali na ndege wakubwa. Waliimba, ndio, na urefu wa wimbo ulikuwa karibu sawa na wa kawaida. Lakini ndani mlikuwa mitupu. Hamkuwa na vipande, hamkuwa na ule mwisho wa mbwembwe ambao chiriku wa msituni huutia. Ni kama mtu anayejua tu kwamba sentensi huanza na kuisha. Thorpe alipowachezea wengine kanda za wimbo halisi wakati wangali wachanga, waliushika. Akiwachezea wamekwisha kukomaa, walikuwa hawaoni wala hawasikii. Ripoti yake kuu ilitoka mwaka 1958, na ungeweza kuifupisha kwa methali moja: samaki mkunje angali mbichi.

Mwanafunzi wa Thorpe aliyeipeleka kazi hii mbali zaidi aliingia kwa mlango wa nyuma. Peter Marler alisomea mimea. Alikuwa akizunguka mabonde ya Uingereza kutafuta maeneo ya kuhifadhiwa, akagundua kwamba chiriku wa bonde hili hawaimbi kama wa bonde lile. Akaacha mimea, akaenda Cambridge kuchukua shahada nyingine ya udaktari, ya wanyama safari hii. Mwaka 1957 akahamia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na huko akakutana na shomoro mmoja mwenye milia myeupe na myeusi utosini.

Shomoro huyu ana lahaja wazi kabisa. Wa Berkeley anaimba hivi, na ukisafiri kidogo tu kwenye pwani ile ile, mwingine anaimba vile. Mwaka 1964 Marler na mwenzake Miwako Tamura walichapisha matokeo: kinda aliyetengwa na kuchezewa kanda ya lahaja yoyote ya jamii yake huishika hiyo, hata kama si ya kwa wazazi wake. Lakini akichezewa wimbo wa ndege wa aina nyingine, anaupuuza. Na mlango haukai wazi milele. Unafunguka kinda akiwa na siku kama 10 na kuanza kufungika karibu na siku ya 50. Kwa hivyo ubishi wa kuzaliwa au kufunzwa ukapata jibu ambalo halikumfurahisha mbishi wa upande wowote. Ndege huzaliwa na sikio linalojua nani wa kumsikiliza. Cha kusikia lazima apewe.

Halafu akaja Luis Baptista, mzaliwa wa Hong Kong, akauliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: na kama mwalimu si kanda? Mwaka 1984, yeye na Lewis Petrinovich walionyesha kwamba shomoro hao hao, wakiwekwa karibu na ndege hai wanayeweza kumwona na kujibizana naye, hujifunza hata baada ya siku ya 50. Tena wanaweza kujifunza wimbo wa ndege wa aina nyingine kabisa. Mlango ambao kanda ilishindwa kuufungua, mwalimu hai aliufungua. Shika hilo, tutalihitaji baadaye.

Ndani ya ndege mwenyewe mambo huenda hivi. Kwanza anasikiliza na kukariri, kimya, wakati mwingine miezi kabla hajatoa sauti ya maana. Kisha anaanza kubwabwaja, kule kurekodi kwa wategaji wa London. Anajaribu, anajisikia, analinganisha na kile alichokariri, anarekebisha. Siku baada ya siku vipande vinakaa mahali pake hadi wimbo unaganda. Masakazu Konishi, Mjapani aliyesomea kwa Marler, alionyesha mwaka 1965 kwamba shomoro aliyekwisha kukariri wimbo lakini akapoteza uwezo wa kusikia kabla ya mazoezi, huimba ovyo. Kukumbuka wimbo hakumtoshi. Ni lazima ajisikie akikosea.

Mwaka 1976 Fernando Nottebohm, mzaliwa wa Argentina, na wenzake walichora njia ya wimbo ndani ya ubongo wa kanari, kituo hadi kituo, mpaka kwenye kiungo cha sauti kilicho chini kabisa ya koo, pale bomba la pumzi linapogawanyika. Mwaka 1983, akiwa na Steven Goldman, akaonyesha kwamba ubongo wa kanari mkubwa huzaa seli mpya za neva. Wakati huo wengi walifundisha kwamba ubongo ukishakomaa umekomaa. Kanari akawatoa kwenye hiyo dhana.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hadithi hii ina mguu mmoja Kenya. Miaka ya 1960, Thomas Struhsaker aliwasikiliza tumbili wa Amboseli na kugundua kwamba wana milio tofauti ya hatari: mmoja wa chui, mmoja wa tai, mmoja wa nyoka. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Marler mwenyewe walitangaza kwamba wamewachezea tumbili hao kanda za milio yao bila adui yeyote kuwepo. Wakisikia wa chui wanapanda miti, wakisikia wa tai wanaangalia juu, wakisikia wa nyoka wanasimama kwa miguu miwili na kuchungulia nyasi. Tumbili mchanga hukosea, huweza kupiga mlio wa tai kwa sababu ya jani linaloanguka, na hujifunza polepole lini hasa ni wakati wake. Lakini mlio wenyewe karibu wote anazaliwa nao.

Unaona kioja kilipo? Tumbili ni jamaa yetu wa karibu, kutoka mikono hadi macho. Ila katika jambo hili moja, la kuchukua sauti ya mwingine na kuifanya yako, jamaa yetu wa karibu ni ndege. Orodha ya wanyama wanaojifunza sauti ni fupi: ndege waimbaji, kasuku, ndege wavumaji wa Amerika, nyangumi na pomboo, baadhi ya popo na sili, na ndovu. Ndovu aliingia kwenye orodha kwa sababu ya Mlaika, ndovu jike kijana wa Tsavo aliyelelewa na ndovu wengine yatima karibu na barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Mwaka 2005 Joyce Poole na wenzake waliripoti kwamba Mlaika alikuwa akiiga mngurumo wa malori. Malori, jamani.

Na kuna tiva. Huenda humjui kwa jina, lakini kama umewahi kuamka mapema kwenye mtaa wowote wa Nairobi wenye miti, umemsikia: ndege mweusi mgongoni, mweupe kifuani, anayejificha vichakani na kupiga mluzi kama kengele. Thorpe, yule yule wa Cambridge, alishirikiana na Myles North, afisa wa serikali ya kikoloni Kenya aliyependa kurekodi ndege, wakaandika kuhusu tiva miaka ya 1960. Walichokuta ni kwamba unachodhani ni ndege mmoja mara nyingi ni wawili. Dume anapiga kipande, jike anajibu kwa haraka kiasi kwamba mshono hauonekani. Kila jozi inatunga mitindo yake. Na yeyote kati yao anaweza kuanza, au hata kuimba wimbo wote peke yake mwenzake asipokuwepo.

Jike wa tiva ni muhimu kuliko anavyoonekana. Vitabu vilisema kwa muda mrefu kwamba kuimba ni kazi ya dume, jike kazi yake kusikiliza na kuchagua. Vilisema hivyo kwa sababu waliovisomea waliishi Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako majike wengi hawaimbi sana. Mwaka 2014 Karan Odom na wenzake walikagua ndege waimbaji wa dunia nzima wakakuta jike anaimba katika asilimia 71 ya aina walizochunguza, na kwamba hata mababu wa ndege hawa, dume na jike wote waliimba. Jike kunyamaza ndiko kulikuja baadaye. Wa kwetu walikuwa wakiimba dirishani wakati wote huo. Ni kwamba walioandika kanuni walikuwa wamekaa mbali. Sayansi nayo, kama ndege, huongea lahaja ya pale ilipolelewa.

Wimbo ukishafunzwa, unaweza pia kurekebishwa. Mwaka 2003 Hans Slabbekoorn na Margriet Peet walionyesha kwamba katika mji wa Leiden, Uholanzi, ndege wadogo wanaoishi penye kelele za magari huimba kwa sauti nyembamba zaidi, ili zisimezwe na mngurumo mzito wa chini. Mkazi yeyote wa Nairobi anaelewa: makanga hasemi na abiria kwa sauti anayotumia kanisani.

Halafu ukaja mwaka 2020. Sisi huku tulikuwa na kafyu. San Francisco walifungiwa nyumbani, na magari kwenye daraja la Golden Gate yakapungua hadi viwango vya miaka ya 1950. Elizabeth Derryberry na wenzake walikuwa tayari wamewarekodi shomoro wa mji huo miaka iliyotangulia, wale wale wa Marler. Wakarudi na vinasa sauti. Shomoro walikuwa wameacha kupiga kelele. Waliimba kwa sauti ya chini zaidi, lakini kwa kuwa mji ulikuwa kimya, wimbo ulifika zaidi ya mara mbili ya umbali wa awali, na ulikuwa mzuri zaidi, na noti za chini zilizokuwa zimepotea zikarudi. Kumbe kwa miongo yote hiyo walikuwa wakipayuka kwa lazima tu.

Mtindo mpya pia husafiri. Huko Kanada kuna shomoro mwenye koo jeupe ambaye wimbo wake uliishia kwa noti tatu tatu. Magharibi mwa nchi wakaanza kuishia mbili mbili. Ken Otter na wenzake walieleza mwaka 2020 jinsi mtindo huo ulivyoenea zaidi ya kilomita 3,000 kuelekea mashariki ndani ya miongo michache, ukiufuta ule wa zamani. Sheng husambaa hivyo hivyo, kutoka mtaa mmoja hadi nchi nzima inasema.

Lakini kitu kinachofunzwa kinaweza kupotea, na hapa ndipo hadithi inapouma. Australia kuna ndege mweusi na manjano anayeishi kwa maji matamu ya maua ya mikaratusi. Kisayansi ni Anthochaera phrygia. Misitu yake ilikatwa, wakabaki mia chache tu, wametawanyika. Mwaka 2021 Ross Crates na wenzake walitangaza kwamba karibu asilimia 12 ya madume waliowasikia hawakuwa wakiimba wimbo wa jamii yao kabisa. Walikuwa wakiimba nyimbo za ndege wengine. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa vijana waliokua bila mzee wa kumsikiliza wakati mlango ungali wazi, wakashika kilichokuwepo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na madume wenye nyimbo zisizo za kwao walipata majike kwa nadra zaidi, kwa hivyo kupotea kwa wimbo kukaanza kuharakisha kupotea kwa ndege.

Siwezi kusoma hayo bila kufikiria Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, Laikipia. Katika karne ya 20 lugha yao ilizamishwa na Kimaa cha majirani, mpaka waliobaki wakiijua wakawa wazee wachache. Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliandika mwaka 1986 kuhusu watoto wa shule za kikoloni walioadhibiwa kwa kuongea lugha ya mama. Watu si ndege, na tofauti kubwa iko hapo hapo: hakuna aliyemchapa ndege wa Australia kwa kuimba cha babake. Lakini hesabu inafanana. Lugha haihitaji kuuawa. Inatosha kizazi kimoja kikose wa kumsikiliza.

Kuna matokeo mengine mawili ambayo sitaki uondoke bila kuyasikia. La kwanza ni la mwaka 2009. Olga Fehér, Ofer Tchernichovski na wenzao walichukua finchi-milia, ndege mdogo wa maabara, waliyemlea peke yake hadi akaimba ule wimbo mbovu wa upweke. Wakamfanya mwalimu. Makinda yake yaliuiga wimbo, ila kwa marekebisho madogo. Makinda ya makinda wakarekebisha tena. Baada ya vizazi vitatu au vinne, wimbo ulikuwa umerudi karibu sawa na wa porini. Hakuna aliyewasahihisha. Kila kizazi kilichukua kilichovunjika, kikakinyoosha kidogo.

La pili ni la Australia kwenyewe. Wanaofuga ndege hao ili kuwarudisha msituni waliona kwamba kuwachezea makinda kanda kunasaidia, lakini wakaongeza walimu hai: madume wa porini wanaojua wimbo, wawekwe karibu na vijana. Baptista asingeshangaa.

Basi kama una nyanya ushago ambaye anajua maneno ambayo wewe huyajui, mrekodi, simu unayo. Usidhani umemaliza, lakini. Kanda ilikuwa mwalimu dhaifu hata kwa shomoro. Keti naye, mjibu, ukosee mbele yake, akucheke, urudie. Mlango wako haufungiki siku ya 50.